Mzazi Si Mgeni Wodini

Mada iliyotolewa na wazazi wawili, mume na mke, katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma za afya



Tulipoombwa kuja kuzungumza, jibu letu la kwanza lilikuwa kukataa. Sisi si madaktari wala wanasheria. Ni wakulima ambao mtoto wao alilazwa hospitalini kwa siku 11. Maofisa walioandaa mkutano huu wakatujibu kwamba ndiyo sababu ya kutuita: haki za mgonjwa zimekwisha kuandikwa na wataalamu, lakini ni mara chache kusikia maneno ya mtu aliyekesha chini ya kitanda cha mtoto wake, asijue wa kumuuliza ni nani.

Basi tutayasema yaliyotupata, pamoja na makosa yetu wenyewe. Hatutataja jina la hospitali wala la mtumishi yeyote, kwa kuwa hatukuja kushitaki. Mwanetu leo ni mzima na anakwenda shule. Tumekuja kwa sababu tuliingia wodini tukijiona wageni, watu wa kunyamaza na kungoja, na kujiona hivyo nusura kutugharimu zaidi ya fedha.

Usiku wa kwanza

Mtoto wetu alikuwa ametimiza miaka mitano na miezi miwili. Ilikuwa mwisho wa masika. Mchana alishikwa na homa, tukampa dawa ya kutuliza, akalala. Usiku wa manane macho yakageuka na mwili ukakakamaa: degedege limempata.

Jirani yetu, mama mtu mzima tunayemheshimu, alikuja mbio na kutushauri tumfukize kwanza kabla ya kumpeleka popote. Wapo wanaoamini hata leo kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Hatumlaumu mama yule; maneno hayo aliyarithi kwa wazazi wake, tena alikuja kwa nia njema. Lakini kila mzazi aliyemo humu na ayajue haya. Degedege, mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, kulegea au kupoteza fahamu, kupumua kwa shida huku kifua kikibonyea ndani: zote hizo ni dalili za hatari, na dalili ya hatari haingoji kukuche.

Katika zahanati walimpima kwa kipimo cha haraka, wakaona malaria, wakampa dawa ya kwanza na kutuandikia barua ya rufaa. Tuliichukua barua ile kama karatasi nyingine yoyote. Mmoja wetu aliikunja akaitia mfukoni. Baadaye tulitambua thamani yake. Ndani yake mlikuwa mmeandikwa saa ya degedege, dawa aliyopewa na kiasi chake. Daktari aliyetupokea aliisoma kabla ya kutuuliza neno. Mzazi anayefika bila barua humlazimu daktari kuanza upya kwa kubahatisha.

Sasa tunakuja kwenye kosa letu la kwanza. Mmoja wetu alikuwa dirishani akiandikisha, mwingine yuko na mtoto. Muuguzi akauliza: "Ana kilo ngapi?" Mtoto alikuwa bado anatetemeka, wala haikuwezekana kumsimamisha kwenye mzani. Aliyeulizwa hakujua. Kwa aibu ya kuonekana mzazi asiyejua habari za mtoto wake, akasema: "Kama ishirini na nne hivi." Ikaandikwa 24.

Asubuhi aliingia muuguzi wa zamu mpya. Alimtazama mtoto, akalitazama faili, akamtazama tena mtoto. Akamwomba mmoja wetu apande mzani akiwa amembeba, kisha apande peke yake, akatoa hesabu. Kilo 16.

Mchana wa siku hiyohiyo mwanetu aliongezewa damu. Daktari alitufafanulia kwamba dawa ya mtoto, maji ya mishipani na damu, vyote hupimwa kwa kilo za mwili wake. Damu ikizidi kipimo huulemea moyo na kujaza maji mapafuni. Kilo nane tulizozibuni kwa ajili ya kuficha aibu zilikuwa nusu ya uzito wa mtoto wetu. Tangu siku ile tumejifunza kusema "sijui" bila kuona haya. Muuguzi akisikia "sijui" hutafuta njia ya kupima. Akisikia tarakimu huiandika.

Ndiyo maana tunawaomba muitunze kadi ya kliniki ya mtoto hata akishamaliza chanjo. Wekeni humo uzito wake, magonjwa aliyowahi kuugua, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Mkiondoka nyumbani usiku kwa haraka, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuikamata.

Habari ya fedha

Tulikwenda hospitali tukijua, kama wengi wenu mnavyojua, kwamba matibabu ya mtoto ni bure. Tulichokuwa hatujui ni mpaka wa neno hilo. Utaratibu wa msamaha wa gharama katika vituo vya umma nchini Tanzania ni kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wetu alikuwa amevuka mpaka huo kwa miezi miwili.

Mfukoni tulikuwa na shilingi 35,000. Kufikia asubuhi zilibaki 9,000. Siku ya pili tuliuza mbuzi wawili kwa bei ambayo mnunuzi aliitaja mwenyewe, maana alijua tuko katika dhiki. Gharama za hospitali, ndugu zetu, si zile za dirishani pekee. Kuna nauli ya anayeleta uji, chakula cha anayemwuguza mtoto, sabuni, vocha ya simu, na shamba linalosubiri palizi. Mmoja wetu alianza kula mlo mmoja kwa siku, akidhani hakuna anayeona.

Muuguzi mmoja aliona. Akatuuliza kama tumekwisha kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Hatukuwa tumewahi kusikia kwamba hospitali ina ofisi hiyo, ingawa tulikuwa tumepita mbele ya mlango wake mara nyingi tukienda kulipa. Afisa yule alitusikiliza, akatuuliza maswali juu ya kipato na idadi ya watoto, akatutaka tulete barua ya mtendaji wa kijiji. Sehemu ya gharama zetu ikasamehewa. Msamaha kwa asiye na uwezo upo katika hospitali za umma, lakini haumfuati mtu kitandani. Yampasa mzazi aende akauombe, na aende mapema, kabla ya kuuza alichonacho.

Kuna jambo jingine la fedha ambalo hatuna budi kulisema, hata kama linatuaibisha. Daktari alipotamka kwamba mtoto anahitaji damu, alitokea mtu ukumbini, hana sare wala kitambulisho, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba damu ni ya shida, ila kwa shilingi 80,000 yeye angeipata upesi. Fedha za mbuzi zilikuwa mkononi. Tungelipa. Kilichotuokoa ni shemeji yetu, aliyesema: "Ngojeni kwanza niulize maabara."

Maabara walimjibu kwa neno moja: damu haiuzwi. Damu hutolewa na wachangiaji kwa hiari, na mgonjwa hupewa bila kulipia damu hiyo. Wakatuomba tu kwamba ndugu wenye afya waje kuchangia, ili akiba isipungue kwa mgonjwa atakayefuata. Walikuja wawili. Ili kuchangia, mtu awe na umri wa kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50; mwanamume aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Mtu yule wa ukumbini hatukumwona tena.

Kwa hiyo tunawaasa: lipeni dirishani au kwa namba ya malipo mliyopewa na hospitali, na msilipe mkononi mwa mtu. Kila mlipapo, daini risiti, muihifadhi. Mkiombwa rushwa, TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo.

Na habari ya bima isiahirishwe. Nchi yetu imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ulizeni katika kituo chenu cha afya au ofisi ya mfuko iliyo karibu ni utaratibu gani unaihusu familia yenu, mchango ni kiasi gani, na ni huduma zipi zimo na zipi hazimo. Wakati wa kuuliza juu ya bima ni mtoto akiwa anacheza uwanjani.

Habari ya kuuliza

Siku mbili za mwanzo kila tulichoambiwa tulijibu "ndiyo". Madaktari walipita asubuhi wakiwa kundi, wakazungumza juu ya mtoto wetu kwa maneno tusiyoyaelewa, wakaandika, wakaenda kitanda cha pili. Tuliletewa fomu ya ridhaa tukatia saini bila kusoma. Tuliona kwamba kumuuliza daktari ni kumkosea adabu, kana kwamba tunampima elimu yake.

Kitanda cha pili alikuwako mama mmoja na mtoto wa miezi tisa. Tulishirikiana naye uji na mkeka. Jioni moja alimwita muuguzi mara mbili kwa jambo dogo, akakemewa mbele ya watu kwamba anasumbua. Usiku ule mtoto wake aliacha kunyonya na pumzi ikabadilika. Mama akaona. Alituambia baadaye kwamba aliona, akainuka, akaketi tena, kwa kuwa alikuwa amekwisha kemewa. Kabla ya alfajiri mtoto alifariki.

Hakuna ajuaye kama angaliita mtoto angalipona. Daktari alimwambia hivyo mama yule mbele yetu, kwa upole, na tunaamini alisema kweli. Alikuwa mtoto mgonjwa sana. Lakini mama yule alirudi kwao akiwa amebeba mzigo wa pili juu ya msiba wake: ile hatua aliyoinuka akaketi tena. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na mzigo huo hatumtakii mzazi yeyote. Kwa hiyo twasema kwenu wazazi: hata mkikemewa jana, iteni leo. Na kwenu wahudumu mliopo hapa, kwa heshima yote, twasema: mzazi anayekemewa hanyamazi kwa jambo dogo tu, hunyamaza na kwa lile kubwa.

Hatusemi hivi kwa kusahau hali ya wodi. Usiku kulikuwa na wauguzi wawili, vitanda vyote vimejaa, na vingine vina watoto wawili wawili. Tumewaona wauguzi hao wakikesha bila kuketi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya uchache wao, macho ya mzazi yanahitajika. Muuguzi anao watoto wengi wa kuangalia; mzazi anaye mmoja, tena anamjua alivyokuwa jana.

Baada ya msiba ule tulichukua daftari la shule la binti yetu mkubwa, tukaanza kuandika. Tuliandika saa ya kila dawa, kiasi alichokunywa, mara alizokojoa, na homa ilivyopanda na kushuka. Na tuliandika maswali matano, ambayo tuliyauliza kila siku madaktari walipomaliza kupita, si wakati wanapomshughulikia mgonjwa mahututi:

Mtoto wetu anaendeleaje kulinganisha na jana?
Dawa hii ni ya nini, na ataitumia kwa muda gani?
Kipimo hiki kinatafuta nini, na majibu yatatoka lini?
Ni dalili gani tukiiona tuwaite mara moja?
Usiku tumwite nani?

Hakuna aliyekasirika. Daktari kijana mmoja alianza kututafuta yeye mwenyewe, akisema: "Leteni daftari lenu." Siku ya nne daftari lilionyesha kwamba dawa ya saa sita usiku haikutolewa. Tuliuliza kwa upole, ikaonekana imesahaulika wakati wa kubadilishana zamu, ikatolewa.

Na kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, ombeni isomwe kwa Kiswahili cha kawaida: ni tendo gani litafanywa, kwa sababu gani, lina hatari gani, na kuna njia nyingine ipi. Saini ya mzazi asiyeelewa haimlindi mtoto. Kuuliza si ujinga.

Kukaa kando ya kitanda

Kwetu ni kawaida mama kulala wodini na mtoto wake, hata tunadhani sababu yake ni uhaba wa wauguzi. Baadaye tulisoma kwamba katika nchi nyingine jambo hilo lilipiganiwa. Huko Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wao. Waliruhusiwa saa chache tu za kutembelea. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akiwa peke yake hospitalini, na huzuni ya mtoto yule ikawashtua wengi. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila vizuizi, na akina mama wa watoto wadogo walazwe pamoja nao.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, juu ya watoto wachanga waliozaliwa na uzito mdogo. Wale waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kulinganisha na waliosubiri mpaka hali zao zitulie. Mwili wa mzazi, basi, ni dawa. Anayekaa kando ya kitanda hakai kwa hisani ya mlinzi wa mlango.

Hata hivyo tulikosea namna ya kukaa. Tulimwambia mtoto kwamba sindano haitauma. Ikauma. Tukamwambia tena, ikauma tena. Siku ya tatu hakutuamini hata tulipomwambia kwamba uji umepoa. Muuguzi mmoja akatufundisha: "Mwambieni itauma kidogo, mhesabu pamoja mpaka tano, imekwisha." Kuanzia hapo alikuwa akihesabu yeye mwenyewe, machozi yakimtoka, bila kushikwa miguu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Haki hiyo haianzi mahakamani. Inaanza kwa kuambiwa ukweli juu ya mwili wake.

Kosa la pili lilikuwa nyumbani. Binti yetu wa miaka minane aliachwa kwa bibi yake. Kila alipouliza mdogo wake yuko wapi, bibi alijibu: "Amesafiri." Neno hilo ndilo alilowahi kuambiwa babu yake alipofariki. Mtoto akaacha kula. Tulipopata habari tukapiga simu, tukampa mgonjwa aseme naye. Yalikuwa mazungumzo ya dakika mbili. Jioni hiyo alikula.

Kuhusu kupokezana: kanuni ya wodi ilikuwa mlezi mmoja, na kwa desturi huwa ni mama. Baba alikaa siku tano nje ya lango akisubiri saa ya kutembelea, na mama alikaa siku tano bila usingizi. Siku ya sita tulimwendea muuguzi mfawidhi wa wodi, tukaeleza. Alikubali baba akae mchana, ili mama apate kuoga na kulala. Kanuni ya mlezi mmoja haikuvunjwa. Alibadilika mlezi tu. Tungeweza kuomba hivyo siku ya kwanza.

Pale panapokuwa na malalamiko

Malalamiko yana ngazi zake. Anzeni na muuguzi aliye zamu. Kisha muuguzi mfawidhi wa wodi. Kisha Mganga Mfawidhi wa hospitali. Lipo pia sanduku la maoni, na hospitali za umma zina mkataba wa huduma kwa mteja ambao mna haki ya kuusoma. Jambo lisipotatuliwa hapo, yuko Mganga Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa. Likihusu mwenendo wa kitaaluma, liko Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Andikeni tarehe, saa, na lililotendeka. Acheni matusi na dhana. Sisi tuliwasilisha lalamiko moja, la maneno makali aliyoambiwa mmoja wetu. Muuguzi mfawidhi alituketisha na mhusika. Tukaombwa radhi, nasi tukafahamu kwamba mtumishi yule alikuwa ameunganisha zamu mbili. Na pale mnapohudumiwa vizuri, andikeni pia. Tuliandika jina la muuguzi aliyempima mtoto uzito upya, tukalitia katika sanduku lilelile.

Kurudi nyumbani

Siku ya kumi na moja tuliruhusiwa. Furaha ilitaka kutukosesha kusikiliza. Tulipewa dawa mseto za kumeza kwa siku tatu, maana sindano za malaria kali hukamilishwa na vidonge, na tukaandikiwa tarehe ya kurudi.

Mtoto akishaanza kukimbia, nauli ya kurudi hospitali huonekana ni hasara. Siku ilipokaribia mmoja wetu alisema: "Si mzima huyu? Twende kufanya nini?" Lakini katika daftari tulikuwa tumeandika maelezo ya daktari: baadhi ya watoto waliotibiwa malaria kali kwa sindano ya artesunate hupungukiwa damu upya, wiki moja au zaidi baada ya tiba, hata kama malaria haijarudi. Dalili zake ni weupe wa viganja na ulimi, uchovu, macho kuwa ya manjano, na mkojo wa rangi nyeusi.

Tulikopa nauli, tukarudi. Damu ilikuwa imeshuka. Haikufikia kuongezewa tena, lakini ilibidi apimwe kila wiki mpaka ilipopanda. Maelezo ya siku ya kuruhusiwa, basi, yaandikwe karatasini: jina la ugonjwa, dawa na muda wake, dalili za kurudi haraka, na tarehe ya kurudi. Msiondoke bila karatasi hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, tuhitimishe kwa kuyataja kwa ufupi yale tunayowaachia wenzetu:

1. Dalili ya hatari haingoji asubuhi. Chukueni kadi ya kliniki na barua ya rufaa.
2. Msilolijua, semeni hamlijui. Ombeni mtoto apimwe uzito.
3. Ulizeni mapema juu ya msamaha, bima, na ofisi ya Ustawi wa Jamii.
4. Lipeni mahali rasmi, mpewe risiti. Damu haiuzwi.
5. Wekeni daftari. Ulizeni kila siku. Msitie saini msichokielewa.
6. Mkiona mtoto amebadilika, iteni, hata kama mmekwisha kuita.
7. Mwambieni mtoto ukweli, na walio nyumbani pia.
8. Pokezaneni. Mlezi aliyechoka haoni vizuri.
9. Rudini tarehe mliyopewa, ijapokuwa mtoto anacheza.

Daftari lile bado tunalo. Kurasa zake za mwanzo ni hesabu za darasa la pili za binti yetu, na zinazofuata ni saa za dawa za mdogo wake. Mzazi mwenzetu akitaka kuona namna tulivyolipanga, tumekuja nalo, na atatukuta hapa baada ya mkutano.